Kompyuta Imezimwa, Diski Bado Ina Wageni

Umeme ukiondoka usiku kwenye chumba cha kompyuta, kitu cha kwanza kusikika ni ukimya wa feni, halafu UPS chini ya meza inaanza kulia. Wenzetu wanawasha tochi za simu, wanaguna, wanakusanya mabegi. Seva kule kwenye kona haina habari. Inaendelea na kazi, ila sasa inakula betri. Kutoka hapo zipo dakika chache tu. Betri mpya labda dakika 10, betri iliyochoka pengine 3. Ndani ya dakika hizo seva inatakiwa ijizime yenyewe, na ijizime vizuri.

Kwenye hilo neno "vizuri" ndiko kwenye shughuli. Seva nyingi za vyuoni na maofisini zina skripti ndogo ya kuzimia, iliyoandikwa na mtu fulani miaka hiyo, na skripti hizi zina ugonjwa mmoja unaojirudia. Skripti inaendeshwa, mashine inazimika, kila mtu anakwenda zake nyumbani, kumbe baadhi ya mifumo ya faili haikufungwa. Hakuna anayejua mpaka asubuhi, pale mashine inapowaka taratibu mno huku ikikagua diski, au mtu anapofungua faili lake akakuta ndani hamna kitu.

Kwetu hili si jambo la vitabuni. Unguja inapata umeme kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari unaozama Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, na kuibukia Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi 1980, uwezo wake megawati 45. Mei 2008 kisiwa kiliingia gizani kikakaa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 kikaingia tena, safari hii kwa miezi 3, mpaka Machi 2010. Pampu za maji zikasimama, mji ukaishi kwa jenereta na mishumaa. Waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani, ulizinduliwa 2013 na hali ikawa nyengine kabisa. Lakini nusu saa hapa na dakika 5 pale bado tunazo. Na kwa seva, dakika 5 za giza na miezi 3 ya giza hazina tofauti: umeme ulikuwepo, sasa haupo.

Mfano nitakaoutumia ni wa chumba kimoja cha kompyuta hapa kisiwani. Hakuna haja ya kukitaja, vyumba vya namna hiyo viko vingi. Ndani mna seva moja ya Debian. Diski yake ya kwanza ina mfumo wenyewe. Ya pili imewekwa kwenye /srv na ndiyo inayobeba kazi za wanafunzi: tasnifu, data za hojaji, hifadhidata ya usajili. Ndani ya /srv kuna diski ya tatu, /srv/sauti, yenye rekodi za wazee wa Makunduchi zilizofanywa na wanafunzi wa Kiswahili kwa ajili ya utafiti wa Kikae. Halafu kuna folda ya maktaba iliyo jengo jengine, inayofika kwa mtandao na kuonekana kama /mnt/maktaba.

Tasnifu mtu anaweza kuiandika tena, huku analia. Lakini bibi wa miaka 80 na kitu anayeeleza namna ya kusuka makuti, kwa lahaja ambayo wajukuu zake mwenyewe hawaisemi sawasawa, huyo harudiwi kirahisi. Wawili kati ya waliorekodiwa wameshatangulia mbele ya haki. Nakala za akiba zipo, ndiyo, ila huchukuliwa mara moja kwa wiki, na wiki ni ndefu.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kwenye Linux diski haijitokezi kwa herufi D au E kama kwenye Windows. Inapachikwa kwenye folda, na kuanzia hapo ukiingia kwenye folda ile umeingia kwenye diski. Kuitoa ni kuipachua, na amri yake ni `umount`, bila ile herufi n ambayo kila mtu huichomeka mara ya kwanza halafu akashangaa kwa nini kompyuta haimwelewi. Kupachua si kutenganisha tu. Keneli inahakikisha kwanza kwamba hakuna anayeitumia diski ile, kisha inaandika diskini kila kilichokuwa kinasubiri kwenye kumbukumbu, kisha inaiwekea diski alama kwamba imefungwa salama.

Hilo la kusubiri kwenye kumbukumbu ndilo wengi hawalijui. Unapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, keneli inapokea maandishi yako, inakwambia sawa, halafu inayaweka kwenye RAM kwanza, kwa sababu RAM ni nyepesi na diski ni nzito. Kwa mpangilio wa kawaida, kilichobadilika kinaweza kukaa hapo sekunde 30 hivi kabla hakijasukumwa diskini. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu huomba kazi yake iandikwe papo hapo. Programu zilizoandikwa kwa uangalifu si zote. Ndiyo maana mafundi wa Unix wa zamani walikuwa na mazoea ya kuandika `sync` mara tatu kabla ya kuzima, kama mtu anayerudi kutikisa kitasa cha mlango aliokwisha kuufunga.

"Lakini siku hizi mfumo una daftari," utaambiwa. Kweli. Mfumo wa ext3, ulioingia kwenye Linux 2001, na ext4 uliofuata, una daftari ambamo mabadiliko huandikwa kwanza kabla ya kufanywa, ili mashine ikifa katikati ya kazi isome daftari na kumalizia. Ila tazama daftari linalinda nini. Linalinda mpangilio: majina ya mafaili, folda, kipande kipi cha diski ni cha nani. Yaliyomo ndani ya faili, kwa kawaida, hayaandikwi humo. Kwa hiyo baada ya ajali diski inaweza kuwa nzima kabisa, na tasnifu yako ikawa faili lenye jina sahihi, tarehe sahihi, na baiti 0. Daftari limefanya kazi yake, halina kosa. Na flashi yenye FAT au exFAT haina hata hilo daftari.

Sasa skripti yenyewe. Iliyokuwa kwenye chumba hicho iliachwa na waliomaliza zamani, nayo ilikuwa hivi:

```
#!/bin/sh
systemctl stop networking
umount /srv
umount /srv/sauti
umount /mnt/maktaba
sleep 5
poweroff -f -f
```

Ukiacha ule mstari wa kichwa, amri ni sita, na ukiisoma haraka unaona haina neno. Inapachua vitu vitatu, inapumzika sekunde 5, inazima. Tatizo la kwanza ni mpangilio. Fikiria nyumba ya Mji Mkongwe. Ukitaka kuifunga nyumba huanzi na lango la mbele lenye misumari ya shaba, halafu ndiyo ukumbuke vyumba vya ndani. Hapa /srv ndiyo nyumba na /srv/sauti ni chumba. Amri ya pili inajaribu kufunga nyumba wakati chumba kiko wazi. Keneli inajibu "target is busy", yaani pana mtu, na skripti inaendelea kama vile haikusikia. Amri ya tatu inafunga chumba, ukibahatika. Hakuna anayerudi kuijaribu nyumba tena. Matokeo yake, diski ya tasnifu ilibaki wazi kila usiku umeme ulipoondoka, bila kukosa.

Tatizo la pili ni ule mtandao. Amri ya kwanza inaukata, halafu amri ya nne inataka kupachua folda inayoishi ng'ambo ya mtandao huo huo. Folda za NFS kwa desturi yao ni ving'ang'anizi: zisipopata jibu kutoka upande wa pili zinangoja, na zinangoja bila kikomo, kwa sababu waliozitengeneza waliona bora kungoja kuliko kupoteza data. Basi `umount` inaganda. Skripti inaganda nayo. UPS inalia mpaka inachoka, na mashine inakufa kifo kile kile ambacho UPS ilinunuliwa ili kukizuia.

Hapo ndipo penye kichekesho, maana amri ya mwisho, iliyo mbaya kuliko zote, mara nyingi haikufikiwa. Ile `-f` moja ni kulazimisha. `-f` mbili ni kuiambia mashine ijizime bila kusimamisha programu yoyote na bila kupachua chochote. Sijui aliyeiandika alikutana na nini usiku ule, pengine seva ilimgomea kuzimika akachoka, lakini baada ya hapo kila kilichokuwa juu yake hakikuwa na maana.

Haya, tupange upya: chumba kabla ya nyumba, maktaba kabla ya mtandao. Ukijaribu sasa utaona inasogea hatua moja, halafu inakataa tena kwa maneno yale yale. Hapa wengi ndipo wanapokata tamaa na kuanza kutumia nguvu, wakati keneli inasema kweli tupu. Kuna mtu ndani. Kazi yako ni kujua nani.

Anza na `findmnt -R /srv`, itakuonyesha kila kilichopachikwa chini ya folda hiyo kwa mtindo wa mti. Kisha `fuser -vm /srv`. Hii inakuorodheshea programu zinazoitumia diski, mwenye programu, na namna anavyoitumia: herufi c ni aliyekaa ndani ya folda, f ni aliyefungua faili, F kubwa amelifungua kwa kuandika, e anaendesha programu iliyo humo, m amelivuta faili kwenye kumbukumbu yake. Endesha kama root, la sivyo utaonyeshwa programu zako mwenyewe tu.

Kwenye seva ile walitokea wanne. Wa kwanza MariaDB, kwa sababu hifadhidata iliwekwa /srv/mysql. Wa pili Samba, anayegawa folda kwa mashine za Windows. Wa tatu mtu aliyeingia kwa ssh mchana, akasimama ndani ya /srv/tasnifu, akaacha dirisha wazi akaenda zake Forodhani kula urojo. Hakuna faili alilofungua. Kule kusimama tu ndani ya folda kunatosha kuishika diski nzima. Na wa nne alikuwa skripti mwenyewe! Ilihifadhiwa /srv/zana, ikaendeshwa kutoka huko huko. Ni sawa na mtu anayetaka kuifunga nyumba kwa kufuli la nje huku yeye yumo ndani.

Hao wanne ni wageni wa kawaida, wanaonekana. Wapo wengine. Unasimamisha MariaDB, unasimamisha Samba, unamwondoa yule wa ssh, unahamisha skripti, na bado jibu ni "target is busy", na `fuser` haikuonyeshi zaidi ya mstari wenye neno kernel. Hapa mshikaji ni keneli yenyewe, kwa niaba ya kitu ambacho si programu. Inaweza kuwa faili la swapu lililowekwa kwenye diski hiyo. Litazame kwa `swapon --show`, liondoe kwa `swapoff`. Inaweza kuwa seva yako inagawa folda kwa NFS kwa wengine. Tazama kwa `exportfs -v`. Au inaweza kuwa faili la picha ya CD lililoko kwenye diski ile na kupachikwa kwengine kama vile ni diski. Hilo utaliona kwa `losetup -a`.

Seva yetu ilikuwa na hilo la mwisho. Mtu aliwahi kunakili CD ya kamusi, akaiweka /srv/picha/kamusi.iso, akaipachika /mnt/kamusi ili watu waitumie. Ukitazama /mnt/kamusi huoni uhusiano wowote na /srv. Ziko sehemu mbili tofauti za mti. Lakini kurasa za kamusi ile zinasomwa kutoka kwenye faili, na faili liko kwenye diski ya tasnifu. Diski nzima ilishikiliwa na kamusi ambayo kwa muda mrefu hakuna aliyeifungua.

Kuna na kesi ya kinyume, ambayo mimi naiona mbaya zaidi kwa sababu haina kelele. Mtu anaweza kuipachika folda moja mahali pa pili, kwa `mount --bind`. Ukipachua mahali pa kwanza `umount` inakubali, huoni kosa lolote, kumbe diski ile ile bado iko wazi kupitia mlango wa pili. Ili kujua, tafuta jina la diski yenyewe, kwa mfano `grep sdb1 /proc/mounts`. Ikiwa mstari umebaki hata mmoja, diski haijafungwa.

Nije kwenye njia za mkato, maana ndizo utakazoshauriwa kwanza na kila mjuaji. Ipo `umount -l`, kupachua kwa uvivu. Ukiitumia ujumbe wa kosa unapotea papo hapo, na hiyo ndiyo sababu ya kupendwa kwake. Inachofanya ni kuliondoa jina la folda kwenye mti na kuiacha diski wazi mpaka wageni watoke wenyewe. Mchana, seva ikiwa inaendelea na kazi, kuna siku inafaa, hasa folda ya mtandao ambayo upande wa pili umekufa. Usiku wa kuzima haifai, kwa sababu hakuna atakayewangoja wageni hao watoke. Umeondoa dalili, ugonjwa upo.

Ya pili ni `fuser -km`, yaani ua kila anayetumia diski. Bila maelezo zaidi hiyo inatuma ishara ya KILL, ambayo programu haiwezi hata kuisikia ili ijiandae, na hifadhidata inayouawa hivyo ni hifadhidata inayoanza kesho kwa matengenezo. Tuma TERM kwanza. Tena kuna shimo ambalo halisemwi sana: kama /srv haikuwa imepachikwa wakati ule, `fuser -km /srv` itaichukulia folda ile kuwa sehemu ya diski kuu, na itaanza kuua kila programu inayoitumia diski kuu. Yaani karibu zote. Kuna chaguo la `-M` linaloilazimisha ikubali tu ikiwa njia uliyoitaja ni mahali palipopachikwa kweli. Usiiandike amri hiyo kwenye skripti bila `-M`.

Kwa hayo yote, skripti iliyonyooka ya seva ile ilikuja kuwa hivi, na makao yake ni /usr/local/sbin, nje ya diski inayozifunga:

```
#!/bin/sh
exec >>/root/zima.log 2>&1
cd /
systemctl stop smbd mariadb
for d in /srv/sauti /srv; do
  fuser -k -TERM -M -m $d
done
sleep 5
umount /mnt/maktaba
umount /mnt/kamusi
umount -R /srv || fuser -vm /srv
systemctl poweroff
```

Maelezo machache. Mstari wa `exec` unapeleka kila ujumbe kwenye faili lililo diski kuu, kwa hiyo asubuhi unaweza kusoma kilichosemwa usiku. `cd /` inaitoa skripti ndani ya nyumba. `umount -R` inajua yenyewe kuanza na vyumba, na ikishindwa, `fuser` inaandika jina la aliyebaki. Mtandao hautajwi kabisa. Mfumo utaukata wenyewe ukifika wakati wake.

Sasa niseme jambo ambalo litawaudhi wapenzi wa skripti. Kama seva yako ina systemd, na Debian tangu toleo la 8 na Ubuntu tangu 15.04, yote ya 2015, zinayo, basi skripti hiyo karibu yote huihitaji. systemd inasimamisha vitu kwa mpangilio uliopinduliwa wa namna ilivyoviwasha. Kilichowashwa baada ya diski kupachikwa husimamishwa kabla diski haijapachuliwa. Mwishoni kabisa inazunguka tena na tena ikijaribu kupachua kilichobaki, na kisichopachulika inakigeuza kiwe cha kusomwa tu, kisiandikwe.

Kwa nini basi inashindwa? Kwa sababu inajua tu ilichoambiwa. MariaDB inapokuja na Debian inategemea data yake iko mahali pake pa kawaida. Ukiihamishia /srv/mysql bila kuiambia systemd, kwake MariaDB na ile diski ni watu wawili wasiojuana. Wakati wa kuwaka inaweza kuanzisha hifadhidata kabla diski haijapachikwa, na ukibahatika huoni tatizo. Wakati wa kuzima inaweza kutaka kupachua diski hifadhidata ikiwa bado inaandika. Ndiyo maana ukiona tatizo la kuzima, litafute kwanza kwenye kuwaka. Dawa yake ni `systemctl edit mariadb`, halafu mistari miwili:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/mysql
```

Huo mmoja unafanya kazi pande zote mbili. Asubuhi hifadhidata inaingoja diski, usiku diski inaingoja hifadhidata. Fanya vivyo hivyo kwa Samba. Folda ya maktaba iwe na neno `_netdev` kwenye /etc/fstab ili ijulikane kuwa ni ya mtandao. Na ile kamusi iingie fstab pia, badala ya kupachikwa kwa mkono na mtu aliyekwisha kuhitimu, ikiwa na chaguo la `x-systemd.requires-mounts-for=/srv`. Ukishafanya hivyo, skripti inabaki na mstari mmoja: `systemctl poweroff`.

Bado kuna hesabu ya dakika. systemd kwa kawaida huipa kila huduma sekunde 90 za kujisimamisha kabla ya kuilazimisha. Kwenye ofisi yenye umeme wa uhakika hizo si kitu. Kwenye betri ya dakika 3, huduma mbili zenye kiburi, moja ikiingoja nyengine, zinaweza kuila betri yote. Punguza `TimeoutStopSec` kwa huduma ambazo unajua hazina la maana la kumalizia. Hifadhidata iache na muda wake.

Upande wa UPS wengi hapa wanatumia programu za NUT, zinazosoma hali ya betri kwa waya wa USB na kuamuru seva ijizime betri ikiwa chini. Betri ikichoka, taarifa ya "iko chini" huchelewa, mara nyingine inakuja sekunde chache tu kabla ya giza. Ni salama zaidi kuweka saa: umeme ukikosekana dakika 2 mfululizo, anza kuzima, betri iseme itakavyosema. Vikatizo vingi vya sekunde 20 havitaigusa seva, na kile kirefu kitaikuta imeshalala.

Kisha kuna umeme unaorudi katikati ya kuzima, jambo la kawaida sana. Seva imejizima, UPS bado inatoa umeme, umeme wa mjini umerudi, na seva inabaki imelala mpaka mtu mwenye ufunguo afike asubuhi. NUT ina njia ya kuiamuru UPS ikate kisha iwashe tena. Amri hiyo lazima iwe ya mwisho kabisa, baada ya diski zote kufungwa. Mahali pake ni folda ya system-shutdown ya systemd, ambayo huendeshwa hatua ya mwisho. Ukiiweka mapema, UPS itakata umeme huku diski ziko wazi, na kazi yote hii itakuwa imekwenda na maji.

Jaribio usilifanye siku ya giza. Chagua mchana wa Ijumaa kabla watu hawajarudi kutoka msikitini, mwombe mtu mmoja aingie kwa ssh akae ndani ya /srv/tasnifu, mwengine afungue faili kwa Samba, halafu chomoa UPS ukutani. Simama mbele ya kioo cha seva na simu mkononi, piga video. Si mzaha: ujumbe wa hatua za mwisho kabisa mara nyingi hauandikwi popote, kwa sababu diski ya kuuandikia imeshafungwa. Baada ya kuwaka tena, `journalctl -b -1 -e` itakuonyesha mwisho wa safari iliyopita, mradi kumbukumbu za matukio zinahifadhiwa kwenye /var/log/journal. Tafuta "Failed unmounting". Tazama pia mashine inavyokagua diski wakati wa kuwaka: ikiandika "clean", usiku ulipita salama, ikiandika "recovering journal", daftari limetumika, maana yake diski ile haikufungwa.

Kwenye chumba kile "recovering journal" ilikuwa ikionekana kwa /srv kila baada ya giza. Baada ya kupanga upya haijaonekana tena, si kwa /srv wala kwa /srv/sauti. Kilichobaki ni betri yenyewe. UPS inasema ina dakika 7, ukiipa mzigo inatoa 3, na barua ya kuomba betri nyengine iko mezani kwa wakubwa tangu muhula uliopita.